Jiwe Langu Kwenye Chungu cha Mama Chola

Nathalie, ambaye sasa anakalia kiti changu ofisini, ameniomba niandike "karatasi mbili hivi" kwa ajili ya waongozaji wapya. Alitaka orodha ya njia, saa za kuondoka, mahali pa kula na mahali pa kujisaidia. Nimekaa hapa nyumbani Lubumbashi, magoti yote mawili yamenyooshwa kwenye kigoda, na nimeona kwamba orodha hiyo anaijua kuliko mimi. Basi nitaandika yale yasiyopatikana kwenye simu yake. Vyeo sitavitaja. Nilipata viwili, na kimoja nadhani walikosea jina.

Kazi yetu ni kupeleka watu kutembea. Ofisi iko katikati ya mji, kati ya benki na duka la viatu, na miaka ya mwanzo waliofungua mlango wetu wakitafuta viatu walikuwa wengi kuliko waliotafuta safari. Hata hivyo walikuwepo wateja. Mtu wa Lubumbashi ameona mashimo ya migodi tangu utotoni. Siku akipata nafasi anataka kuona maji yanayoanguka yenyewe bila pampu. Wengi tuliwapeleka Kamukebo.

Kamukebo ni mji mdogo wa soko upande wa njia ya Pweto. Siku sita za juma unaweza kuupita ukidhani ni kituo cha kubadilisha gurudumu. Jumamosi mji unaamka. Samaki wakavu kutoka Pweto, mihogo, makaa, uyoga wakati wa mvua, munkoyo, kinywaji cha mahindi, kwenye madumu ya njano, na baiskeli zilizobebeshwa hadi huoni anayezisukuma. Nyuma ya mji njia inashuka kupitia msitu, mwendo wa saa moja, hadi maporomoko ya Kafubo. Ukifika Septemba, majani machanga ya miti ni mekundu pande zote na mteja atakuuliza kama kuna moto. Mwambie hapana, kisha muache aangalie.

Aliyenifundisha kazi ni Tata Mwansa, dereva na mwongozaji, ambaye alikuwa kazini kabla ofisi haijanunua kiti cha kwanza. Mfuko wake ulikuwa na panga, kamba ndefu, filimbi, chumvi, na kamba za viatu jozi nne. Niliuliza kwa nini jozi nne. Akasema kamba ya kiatu cha mtu wa mjini haikatiki barabarani, inasubiri mlima. Alinifundisha kwamba anayetembea polepole ndiye anayetangulia, na mwongozaji ndiye wa mwisho, ili kila mgongo auone. Alinikataza kumuuliza mwanakijiji kama tunakokwenda ni mbali. Yeye hataki kukuvunja moyo, atakujibu "ni pale tu," na utatembea mpaka jua lichoke.

Siku yangu ya kwanza Kamukebo, Tata Mwansa hakunipeleka majini. Alinipeleka sokoni, kwa mwanamke wa miaka kama arobaini aliyekuwa akigombana na mteja juu ya ukubwa wa samaki. Huyo ndiye Mama Chola. Ukoo wake ndio unaotunza njia ya Kafubo tangu zamani. Alimaliza ugomvi kwanza, akashinda, ndipo akafuta mikono na kutufuata hadi mwanzo wa njia, wateja wanane, Tata Mwansa na mimi. Pale, kando ya kichuguu, palikuwa na chungu cheusi kilichovunjika shingo, kimepinduliwa mdomo chini. Alikiinua, akakisimamisha.

Desturi yenyewe ni fupi. Tata Mwansa alinyunyiza unga mweupe kidogo mbele ya chungu. Kisha kila mtu aliokota jiwe dogo, akasema jina lake na jina la mama aliyemzaa, akalitia chunguni. Wakati wa kurudi unatoa jiwe lako, unalitupa nyuma ya bega, unaenda zako. Chungu kikibaki kitupu, Mama Chola anakipindua tena, na siku imekwisha. Hakuna malipo. Wateja walifurahi, kwa sababu watu wengi hawajawahi kuombwa kutaja jina la mama yao isipokuwa kwenye karatasi za serikali.

Ikafika zamu yangu.

"Na weye? Jina yako? Mutoto ya nani?"

"Miye ni gide," nilijibu, yaani mwongozaji.

"Gide haiko na mama?"

Wateja walicheka, na mimi niliwaka hasira. Lazima niseme kwa nini. Wazazi wangu walitoka Kasai, jimbo jingine la mbali. Mimi nilizaliwa hapa, nimesoma hapa, Kiswahili changu ni cha hapa. Lakini nilipokuwa kijana ulikuja wakati wa kuwafukuza watu wenye asili ya Kasai, ambapo swali la "mtoto wa nani" liliulizwa mlangoni kwa kelele, na siku moja tulikaa tangu asubuhi juu ya magodoro yetu yaliyofungwa, mama yangu akiwa ameshika sufuria mapajani, tukingoja kuambiwa kama tunaondoka au tunabaki. Tulibaki. Lile swali nalo lilibaki. Nilipolisikia kwenye kinywa cha mwanamke wa soko, mbele ya wateja, niliona ni lilelile. Niliokota jiwe la kwanza lililokuwa karibu, nikalitupa chunguni bila kutaja jina la mtu yeyote. Wakati wa kurudi nilipita hapo nikitazama mawingu. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na shule kidogo, na hivyo viwili havipatani.

Tulipoziona taa za Lubumbashi, Tata Mwansa aliniambia:

"Libwe yako umeiacha mule."

"Ni jiwe tu, Tata."

"Eeh. Na filimbi iko chuma tu."

Baada ya hapo nilipita Kamukebo mara tano au sita, na kila mara Mama Chola alinilalamikia. Chungu chenye jiwe hakipinduliwi. Kisichopinduliwa kinaingia mvua. Kilichoingia mvua kinazaa mbu. "Juu yako nafuga mbu," aliniambia mbele ya wateja. Niliona ni mzaha wa sokoni.

Sasa nifike kwenye safari ambayo kila mmoja wenu amesikia kipande chake, na wengi mmesikia vibaya.

Ilikuwa Jumamosi ya mwanzo wa mvua. Wateja walikuwa akina mama kumi na watatu wa chama cha parokia moja ya Lubumbashi, wote wamevaa kitenge cha chama chao, cha buluu chenye njiwa weupe. Tata Mwansa alikuwa amelala na malaria. Nilipewa dereva anayeitwa Kabwe, mtu mwema aliyependa kusinzia, nami kwa mara ya kwanza nikawa mkuu wa safari. Mama Chola alikuwa na wateja wengi sokoni, akanipungia mkono tu.

"Unajua namna. Baseme majina, batie mabwe, miye nauzisha."

Niliwapitisha kwenye chungu harakaharaka. Wao walikipenda. Waliyaimba majina ya mama zao, wakajibizana. Mmoja tu, Mama Ngalula, mshonaji wa miaka sitini na kitu, alisema jina la mama yake kwa sauti ndogo hata sikulisikia. Sikumwomba arudie. Nilimwambia asogee.

Majini walikaa, wakala mikate na chikanda, ile keki ya mizizi na karanga, wakapigana picha. Kisha wingu likaja kutoka upande wa Pweto, ziwani, jeusi, na nikawaambia turudi. Hapo nilifanya kosa la kwanza: nilitangulia mbele na panga, kama mtu anayefungua njia ambayo tayari imefunguliwa miaka mia. Akina mama walikimbia nyuma yangu. Kwenye chungu kila mmoja alichukua jiwe lake mwenyewe, mimi nikiwa nimeshafika kwenye basi kufungua mlango. Matone ya kwanza yalipoanguka wote walikuwa ndani, wamebanana, wanacheka. Nikahesabu. Vitenge vya njiwa, mmoja, wawili, mpaka kumi na watatu. Nikampigia Kabwe bati, tukaondoka.

Baada ya saa moja hivi, tukiwa katikati ya vijiji, sauti ilitoka nyuma.

"Chofere, simamisha. Miye nashukia hapa."

Mwanamke wa kitenge cha njiwa alishuka na kikapu cha samaki. "Aksanti, ba mama. Mungu abakumbuke." Alikuwa mwanachama wa chama hichohicho, lakini wa Kamukebo. Kitenge cha sikukuu huuzwa parokia zote, hili nilijua. Mama yangu mwenyewe alikuwa nacho. Mwanamke huyo alikuwa amemwomba Kabwe lifti, Kabwe akadhani nimekubali, na akina mama wenzake walimpisha kwa upendo.

Msimamizi wao, Mama Véronique, aligeuka akaangalia viti.

"Ngalula iko wapi?"

Kila mmoja alidhani amekaa na mwingine. Alikuwa mtu mkimya, na mtu mkimya ni rahisi kumwacha.

Tuligeuza basi. Mvua ilikuwa kubwa, barabara imekuwa matope, na kurudi kulituchukua saa mbili. Sikuwa nikiomba, maana sikuweza kupanga maneno. Nilikuwa nikiona mto. Kafubo ni mto mdogo, lakini mvua ikinyesha juu unapanda kwa muda mfupi, na mawe ambayo asubuhi watu walikalia yanafunikwa. Nilijua hayo kwa sababu ndiyo niliyowaeleza wao asubuhi, nikijisifu. Akina mama hawakunilaumu. Walianza rozari, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi kuliko kutukanwa.

Soko lilikuwa limevunjika tulipofika. Nilipita kwenye chungu mbio na kuingia njiani, na sikwenda mbali. Walikuwa wakija juu, wanawake watano wa soko, wameloa mpaka mifupa, wamembeba Mama Ngalula kwenye kitenge kilichofungwa kwenye miti miwili ya kuanikia samaki. Mama Chola alikuwa mbele. Kifundo cha mguu wa mgonjwa kilikuwa kimevimba, na midomo ilikuwa ikitetemeka kwa baridi, lakini macho yalikuwa wazi. Alikuwa ameshuka chini ya maporomoko kunawa uso wakati mimi nikiita watu, akateleza, na kelele ya maji ikameza sauti yake. Walipomkuta alikuwa juu ya jiwe, maji yamemzunguka pande zote. Walivuka wakiwa wameshikana mikono.

Waliweka mzigo chini wapumzike. Mama Chola alinitazama.

"Mulipotoka hapa, ulihesabu?"

"Nilihesabu, Mama."

"Ulipata bangapi?"

"Kumi na tatu."

"Ulihesabu nini?"

Nikasema ukweli. "Bitenge."

"Miye nahesabiaka bantu," alisema. Hakupandisha sauti. "Siku ya soko, nikitoka, napitaka kuangalia mu chungu. Yako iko mule siku yote, ile najua, nilikuona mu gari. Leo nilikuta mbili."

Nililia. Ninaandika hili kwa sababu mmesikia kwamba nilisimama imara na kuongoza uokoaji. Nilisimama kwenye matope na kulia kwa sauti, na wanawake watano wakanitazama, na mmoja akaniambia nishike mti wa mbele, kwa sababu bega lake lilikuwa limechoka. Nikashika.

Ndani ya basi Mama Ngalula alinivuta shati. "Asubuhi nilikuwa na haya kusema jina ya mama yangu," aliniambia. "Kule ku mayi nililiita kwa nguvu yote. Usilie, mwana." Hilo halikunisaidia kunyamaza.

Jumatatu nilijipeleka mwenyewe ofisini na kueleza kila kitu, na vitenge pia. Waliniacha kazini, sijui kwa nini. Nadhani Tata Mwansa alizungumza. Jumamosi iliyofuata nilipanda gari la mizigo, nikaenda Kamukebo peke yangu, nikamwambia Mama Chola nimekuja kutoa jiwe langu.

"Apana," alisema, akifunga samaki. "Ulitia bila jina. Libwe bila jina haitoke. Sema jina, sema mama, kisha kamata."

Sikusema. Safari hiyo ilikuwa kiburi, nakiri. Mwaka uliofuata ilikuwa aibu. Baadaye ikawa mazoea tu, na wateja walipenda kusikia hadithi ya mwongozaji mwenye mbu wake. Chungu kilivunjika mara mbili katika miaka hiyo, na mara mbili Mama Chola alinunua kingine na kulihamisha jiwe langu. Kila nilipopeleka watu nilisimama pale mpaka kila jiwe lao limetoka, nikiwa wa mwisho, nyuma ya migongo yote. Hakuna aliyebaki tena. Mama Ngalula alirudi kiangazi kilichofuata akiwa na fimbo, akakaa kando ya chungu siku nzima akishona, na akadai ndiyo safari nzuri kuliko zote.

Tata Mwansa alifariki, na mfuko wake niliurithi, pamoja na jozi nne za kamba za viatu. Zikaja simu. Mteja wa siku hizi anayapa maji mgongo ili ajipige picha nayo, na jukumu la mwongozaji ni kumshika mkanda. Akaja Nathalie, mwenye akili na haraka, aliyeniambia kwamba kundi la WhatsApp linatosha kuhesabu watu. Nilimwomba atume ujumbe akiwa kule chini majini. Simu yake ilitafuta mtandao mpaka betri ikaisha. Tangu hapo tumeelewana.

Mwezi wa tano mwaka huu tulikwenda mara yangu ya mwisho, wateja kumi na mmoja. Magoti yalikataa mteremko, kwa hiyo Nathalie aliwapeleka, nami nikabaki na Mama Chola kando ya kichuguu, kila mmoja juu ya kasha la bia lililogeuzwa. Nywele zake ni nyeupe sasa. Bado anauza, bado anagombana, lakini samaki wanapimwa na binti yake. Tulikunywa munkoyo. Kwa kuwa sikuwa na mgongo wa kuangalia, nilimuuliza jambo ambalo ningepaswa kuuliza zamani.

"Mama, ile siku ya kwanza. Juu ya nini uliniuliza mutoto ya nani?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anatia chumvi.

"Mutu akipotea mu pori, nani atakuya hapa kuniuliza: mwana yangu iko wapi? Ni mama. Njo nataka kumujua mbele."

"Ulidhani nataka kujua nini?" aliongeza.

Nilikuwa nimeona mama yangu na sufuria yake mapajani. Alikufa zamani, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kumtaja mahali ambapo alikuwa anangojwa. Ilinichoma sana, na bado inanichoma ninapoandika.

Walirudi saa tisa. Mteja mmoja mmoja aliinama, akatoa jiwe, akalitupa nyuma ya bega. Nathalie alikuwa wa mwisho, kama inavyotakiwa. Mpaka siku hiyo kuchungulia chungu ilikuwa kazi yangu, na hadithi ya mbu wangu sikuwahi kumsimulia. Alitoa lake, akachungulia chunguni, na nikaona uso wake unabadilika.

"Iko moja," alisema. "Ni nani haiko?" Alikuwa ameshavua mfuko mgongoni, ameshika filimbi, anageukia njia. Hapo nilijua kwamba naweza kubaki nyumbani na magoti yangu.

"Simama, mwana," Mama Chola alimwambia. "Ni huyu hapa."

Wote walinitazama. Niliinuka, na kuinuka kwangu siku hizi kuna sauti.

"Miye ni Mukendi," nilisema. "Mutoto ya Mbombo."

"Mbombo," Mama Chola alirudia, taratibu, ili alishike. "Haya. Kamata."

Lilikuwa dogo kuliko nilivyokumbuka. Nililitupa nyuma ya bega, na sikusikia lilipoangukia. Mama Chola alimwaga maji ya mvua yaliyokuwemo, akakipangusa chungu kwa kitenge chake, akakipindua mdomo chini, akaenda kufunga samaki zake.